Sauti zetu zimo angani, nyuso je?

Ikiwa nyumbani mwako kuna kijana aliyepagawa na filamu za Star Wars, bila shaka tarehe 28 Mei 2027 umeshaisikia hata ukachoka nayo. Hiyo ndiyo siku iliyotengewa filamu mpya, Star Wars: Starfighter, kufunguliwa katika majumba ya sinema. Usishangae basi, mzazi, ukimkuta kijana huyo sebuleni akibishana na wenzake hadi chai ikapoa, kuhusu sinema ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona. Ndivyo mashabiki walivyo. Filamu yenyewe huitazama kwa muda wa saa mbili, lakini kuibashiri huanza miaka miwili kabla.

Leo nami naomba nafasi katika mabishano hayo. Nina ubashiri wangu, na unamhusu Mkenya.

Kwanza tutaje yale yaliyotangazwa, tusije tukajenga juu ya mchanga. Filamu hii ilitangazwa rasmi Aprili 2025 katika mkutano wa mashabiki nchini Japani. Mwelekezi wake ni Shawn Levy, yule aliyetuletea Deadpool & Wolverine mwaka wa 2024, na nyota mkuu ni Ryan Gosling. Kamera zilianza kazi Agosti 2025, na picha ya kwanza iliyotolewa wakati huo inamwonyesha Gosling akiwa na kijana Flynn Gray. Wengine waliotajwa ni Amy Adams, Matt Smith, Mia Goth, Aaron Pierre na wenzao kadhaa. Hadithi imewekwa miaka mitano hivi baada ya matukio ya The Rise of Skywalker, filamu iliyofunga habari za ukoo wa Skywalker mnamo Disemba 2019. Levy mwenyewe amesisitiza kwamba hii ni safari mpya.

Sasa itazame tena orodha hiyo ya waigizaji. Jina la Lupita Nyong'o halimo.

Kwa faida ya mzazi ambaye Star Wars humkumbusha tu zile kanda za video za kukodi, acha nieleze Lupita anaingiaje hapa. Juni 2014, miezi mitatu baada ya kutwaa tuzo ya Oscar kwa kuigiza katika 12 Years a Slave, binti huyo alitangazwa kuwa mmoja wa waigizaji wa Star Wars: The Force Awakens. Humu nchini tulifurahi ajabu. Filamu ilipotoka Disemba 2015, wengi waliingia sinemani wakimtafuta, na baadhi yao walitoka wangali wanamtafuta. Kumbe alikuwa amefichwa ndani ya Maz Kanata, ajuza wa zaidi ya miaka 1000, mwenye kimo cha mtoto wa nasari, mwenye ngome kuukuu katika sayari ya Takodana ambamo maharamia na wafanyamagendo hula, hunywa na kulala. Lupita aliigiza, mitambo ikanasa mienendo ya mwili na uso wake, kisha kompyuta ikamvika sura nyingine kabisa. Mwelekezi J.J. Abrams alisema kwamba alipombuni bibi huyo alikuwa akimkumbuka Rose Gilbert, mwalimu wake wa shule ya upili. Ukimwona Maz anavyomkodolea mtu macho nyuma ya ile miwani yake mikubwa, kana kwamba amemfumania akinakili majibu ya jirani, utakubali kwamba ualimu umo.

Tufike sasa kwenye kitendawili chenyewe. Chini ya ngome bibi huyu ana sanduku, na ndani ya sanduku mna upanga wa nuru uliokuwa wa Luke Skywalker. Waliotazama The Empire Strikes Back ya mwaka wa 1980 wanaukumbuka vyema. Luke aliupoteza pamoja na kiganja chake cha mkono, alipokatwa na Darth Vader juu ya shimo refu katika Cloud City, mji unaoelea mawinguni kwenye sayari ya Bespin. Upanga ukaporomoka, ukatokomea. Miaka 35 baadaye kwa kalenda yetu, unaibuka ndani ya sanduku la Maz. Han Solo anamwuliza ameupata wapi. Bibi anamjibu kwamba hilo ni swali zuri, ila ni la siku nyingine.

La siku nyingine! Sisi tuliolelewa na mabibi wa kutamba hadithi jikoni tunalijua jibu hilo. Usiku ukiwa mkubwa na moto umefifia, bibi husema nendeni mkalale, kesho nitawamalizia. Tofauti ni kwamba bibi zetu kesho yake walimalizia. Maz hakumalizia. Katika The Last Jedi ya mwaka wa 2017 alitokea kwa muda mfupi tu, akizungumza kwa mbali kama mtu aliyepigiwa simu wakati mbaya, huku risasi zikimpita masikioni. Mwaka wa 2019 alikuwa mwanasesere wa mitambo mwenye sauti ya Lupita, na jambo kubwa alilolifanya ni kumkabidhi Chewbacca nishani. Mashabiki tulishangilia, kwa maana katika filamu ya kwanza kabisa, ya Mei 1977, Luke na Han walivishwa nishani mbele ya halaiki na yule mwenzao mwenye manyoya hakupewa kitu. Deni la miaka 42 likawa limelipwa. Deni la upanga, bado.

Mimi nabashiri kwamba Starfighter ndiyo itakayolilipa, au angalau ndiyo inayofaa kulilipa. Na jibu ninalo.

Kumbuka kilichoko katika vyumba vya chini vya Cloud City. Kuna vibarua wafupi wenye pua za nguruwe wanaoitwa Ugnaughts, wanaoshinda katika chumba cha vyuma vikuukuu karibu na tanuri. Ndio waliokuwa wakirushiana vipande vya yule roboti wa dhahabu, C-3PO, hadi Chewbacca akaja kuwapokonya. Mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi. Hapa kwetu chuma hakipotei. Kikianguka leo, kesho kimeokotwa, keshokutwa kimepimwa kwa mizani ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na kabla ya mwezi kuisha fundi wa jua kali pale Gikomba amekigonga kikawa kitu kingine, au kimening'inizwa mbele ya kibanda cha vipuri Kirinyaga Road kikimsubiri mwenye haja nacho. Upanga wa Luke ulipita mikono ya namna hiyo hiyo. Kibarua aliuokota, msimamizi akaununua kwa bei ya kutupa, mfanyabiashara wa magendo akaubeba bila kujua amebeba nini. Mwishowe haramia fulani asiye na senti alifika kwa Maz, akala, akanywa, akalala siku tatu, na bili ilipoletwa akauacha upanga rehani. Bibi aliyeishi miaka 1000 hakuhitaji kuambiwa ni kitu gani. Aliufungia sandukuni akijua wazi kwamba rehani hiyo haitakombolewa na yule aliyeiweka.

(Wasomaji wa vitabu vya katuni vya Star Wars watakimbilia kalamu kuniambia kwamba huko mambo ya upanga yameguswa. Nazungumzia filamu. Swali liliulizwa ndani ya filamu, na filamu hazijalijibu.)

Kwa nini lijibiwe katika hadithi ya Gosling na kijana wake? Kwa sababu mtu mzima na kijana wakiwa safarini, popote pale duniani au angani, hawakosi kutua mahali wakatafuta chakula. Ngome ya Maz ilibomolewa mwaka wa 2015, lakini mwenye hoteli hashindwi kujenga upya, na miaka mitano kwa mtu wa umri ule ni kama juma moja. Kijana ataliona sanduku tupu. Atauliza lilikuwa na nini. Dakika tatu zinatosha, na hakuna haja ya kumfufua yeyote.

Utaniambia tena kwamba jina la Lupita halimo katika orodha. Ni kweli, nami sina habari za chini kwa chini. Lakini orodha za kina Star Wars si za kuaminiwa sana. Mark Hamill aliporejea kama Luke katika mfululizo wa televisheni wa The Mandalorian, Disemba 2020, siri ilitunzwa kwa kuandika jina la mhusika mwingine kabisa kwenye mswada. Na mchezo huo ni wa tangu zamani. Mwaka wa 1979, siku ya kupiga picha za lile tukio la Darth Vader kumwambia Luke kwamba yeye ndiye baba yake, mswada uliogawiwa watu ulikuwa na maneno mengine: kwamba baba aliuawa na Obi-Wan. Hamill alinong'onezwa ukweli muda mfupi kabla ya kuigiza. James Earl Jones, aliyetia sauti ya Vader baadaye studioni, alipoyasoma maneno ya kweli alidhani Vader anadanganya!

Ikiwa mwenye sauti mwenyewe alishuku, mashabiki wangefanyaje? Walibishana miaka mitatu mizima, hadi Mei 1983 filamu ya Return of the Jedi ilipotoka na kuthibitisha. Huo kwangu ndio ubashiri wenye maana, kwa sababu jibu lake lilimgharimu mtu. Kijana alilazimika kukubali kwamba adui wa wote ni mzazi wake, kisha aamue la kufanya. Ubashiri mwingine ni wa kupitisha wakati tu. Rangi ya upanga wa fulani, chombo cha fulani kina injini ngapi, hayo hata yakijibiwa hayamwongezi wala kumpunguza mtu.

Swali la Maz liko upande gani? Mimi nasema liko upande wa maana. Hadi sasa bibi huyu ni mtu wa kutoa vitu. Anatoa upanga, anatoa nishani, anatoa ushauri, kisha hadithi inampita. Siku atakapoeleza alivyoupata upanga na kwa nini aliuhifadhi, atakuwa mtu mwenye maisha yake. Na hapo nakuja kwenye jambo linalonikera zaidi ya upanga.

Mkenya wa kwanza kusikika katika Star Wars hakuwa Lupita. Katika ile Return of the Jedi ya mwaka wa 1983, anayeketi kando ya Lando ndani ya Millennium Falcon wakati wa vita vya mwisho ni rubani mwenye mashavu yaliyoning'inia na macho makubwa meusi, aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani. Mtaalamu wa sauti Ben Burtt alikuwa akitafuta lugha ambayo masikioni mwa Wamarekani ingesikika ya sayari nyingine. Rotich akazungumza Kikuyu na Kalenjin. Kwa hiyo watazamaji wa Marekani walisikia kiumbe wa angani, na mtazamaji wa Nyeri akasikia mtu anawaita watu walioko kule waje hapa. Rotich alirudi kuitia sauti hiyo mwaka wa 2015, filamu ile ile ya Lupita.

Ukitaka kucheka, cheka, mimi mwenyewe hucheka kila nikiitazama. Lakini hebu upange mambo haya pamoja. James Earl Jones, Mwamerika mweusi, alikuwa sauti nyuma ya kofia ya Vader, mwili ukiwa wa Mwingereza David Prowse, na mwaka wa 1977 jina lake halikuandikwa kwenye filamu, kwa hiari yake mwenyewe. Rotich, sauti nyuma ya mashavu ya mpira. Lupita, mshindi wa Oscar, nyuma ya kompyuta. Miaka mingi sana tumekuwemo humo, nasi tunasikika bila kuonekana.

Sitaki kumsemea Lupita asiyoyasema. Mwaka wa 2015 alieleza kwamba baada ya 12 Years a Slave, kazi iliyoutegemea mwili wake mno, kuigiza mahali ambapo mwili hauonekani kulimpa uhuru. Hiyo ni haki yake kama msanii. Isitoshe, uso wake tumeuona tele katika filamu nyingine za kubuni za sayansi. Ndiye Nakia wa Black Panther, 2018 na 2022, na mwaka wa 2024 aliibeba A Quiet Place: Day One karibu peke yake, tena kwa macho kuliko kwa maneno. Malalamiko yangu si juu yake. Ni juu ya waandishi waliompa swali zuri kisha wakamnyima jibu.

Na si yeye pekee. Wanafunzi wa sasa huenda hawakumbuki kelele za mwaka wa 2015 kuhusu John Boyega, Mwingereza mwenye wazazi wa Nigeria. Kionjo cha kwanza cha The Force Awakens kilifunguka kwa uso wake, ukitiririka jasho jangwani. Bango rasmi lilimwonyesha ameshika upanga, ule ule wa sanduku la Maz. Nani hangebashiri kwamba huyu ndiye Jedi mpya? Ndani ya filamu, Maz anampa upanga kwa mkono wake, naye anapigana nao, anaangushwa thelujini, na Rey anauchukua. Kuanzia hapo Finn, ambaye ndiye mhusika wa Boyega, alizidi kusukumwa pembeni filamu baada ya filamu. Septemba 2020 alilisema jambo hilo hadharani katika mahojiano na jarida la GQ la Uingereza: kwamba wahusika kama wake walitangazwa kwa mbwembwe kuliko walivyothaminiwa katika hadithi. Ubashiri wa mashabiki haukukosea kwa ujinga. Ulipotoshwa na bango.

Kwa hiyo ninapomwona Aaron Pierre katika orodha ya Starfighter, namtazama kwa makini. Huyu ni Mwingereza mweusi ambaye Disemba 2024 alikuwa sauti ya Mufasa katika filamu ya simba huyo ya Disney. Na sauti ya kwanza ya Mufasa, mwaka wa 1994, ilikuwa ya nani? Ya James Earl Jones, aliyefariki Septemba 2024. Mrithi wa sauti ya Mufasa sasa anaingia katika nyumba ya Vader. Nabashiri kwamba safari hii hatavishwa kofia. Nadhani atakuwa rubani wa pili, mtu anayemfahamu Gosling tangu zamani na asiyemwamini, na kwamba atabaki hai hadi taa za ukumbini ziwashwe. Nikikosea katika hili la mwisho nitaudhika kweli, maana tumeshazika wengi wa aina hiyo kabla ya bisi kuisha.

Basi kijana, ukipata likizo kabla ya Mei 2027, usianze na filamu zote, utamaliza umeme wa wazazi. Tazama ile ya 1980, ufuatilie upanga unapoangukia. Kisha ya 2015, usikilize swali la Han na namna bibi anavyolikwepa. Na ya 1983 usiitazame peke yako. Tafuta jirani anayezungumza Kikuyu, umkalishe karibu na televisheni bila kumweleza sababu, kisha subiri Nien Nunb afungue mdomo. Usiitazame skrini wakati huo. Mtazame jirani.